Mashine ingemwonyesha nani?

Mama mdogo alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo, ameegemea ukuta, mara atazame ungo, mara atazame televisheni. Mimi nilikuwa nimetoka kwa kijana mmoja wa pale Mwanga, hapa Kigoma, anayepakia muvi kwenye flashi. Nilimwomba ya kisayansi yenye fumbo ndani yake, akanipa Reminiscence, ya mwaka 2021, ikiwa imeshatafsiriwa kwa Kiswahili. Mvua ilikuwa inapiga bati, tukaongeza sauti hadi mwisho.

Ikafika pale ambapo mteja analala kwenye tangi la maji, anavishwa kifaa kichwani, na siku yake ya zamani inachomoza katikati ya chumba, watu wakitembea na kuongea mbele ya macho ya kila aliyepo. Mama mdogo akaacha kuchambua.

"Yaani hiyo mashine inaitoa siku nzima, ilivyokuwa?"

"Ndiyo, mama mdogo. Ilivyokuwa."

Akanyamaza kidogo.

"Sasa siku ile baba alipoondoka na Liemba, mashine ingemwonyesha nani, mwanangu? Mimi au dada?"

Sikumjibu, kwa sababu sikuwa na la kujibu. Filamu ikaendelea mpaka ikaisha, tukala, mvua ikakatika, nikarudi nyumbani. Tangu hapo zimepita wiki kadhaa na swali lile halijaniacha. Nimeitazama tena filamu nzima, safari hii bila tafsiri. Nimempigia simu mama. Nimesoma. Na kila ninapogeuza, naona kwamba mama mdogo, akiwa na ungo mapajani, alishika mahali penyewe ambapo filamu hii imevunjika.

## Kofia

Nieleze kwanza hiyo siku.

Babu yetu, baba yao, alipanda meli ya Liemba hapa Kigoma mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwenda Mpulungu, Zambia, kutafuta kazi. Hakurudi. Habari za kifo chake zilikuja kwa barua iliyoandikwa na mtu mwingine.

Mama yangu ndiye mkubwa wa hao wawili. Anasema walimsindikiza bandarini, akasimama juu ya meli, akavua kofia, akaipunga mpaka meli ikapita Bangwe na kupotea. Mama mdogo anasema hakuna aliyekwenda bandarini. Baba yao aliondoka wangali wamelala. Walipoamka walikuta kitanda kimetandikwa na kofia yake iko palepale ukutani, imetundikwa kwenye msumari.

Kofia hiyohiyo moja.

Nimewasikia wakibishana juu yake tangu nikiwa mtoto, kwenye misiba, kwenye harusi, wakati wa kukatakata vitunguu vya pilau ya Idi. Hakuna anayemwita mwenzake mwongo. Mama akifika kwenye kofia sauti yake inakwama. Mama mdogo naye anaukumbuka msumari wenyewe: ulikuwa umepinda upande wa kushoto, na mama yao alikuwa akimkataza kuuchezea.

Siku moja, watoto wawili wa nyumba moja, na wote wanasema kweli.

## Haki ya filamu

Sitaisimulia yote, wengi mmeiona. Miami imemezwa na bahari. Joto la mchana halivumiliki, watu wamegeuza usiku kuwa mchana, na matajiri wamejitwalia sehemu zilizobaki kavu. Nick Bannister, yaani Hugh Jackman, anaendesha ofisi ya kumbukumbu pamoja na Watts, askari mwenzake wa zamani, anayeigizwa na Thandiwe Newton. Anaingia Mae, Rebecca Ferguson, mwimbaji wa klabu, anatafuta funguo alizopoteza. Wanapendana. Kisha Mae anatoweka, na Nick anaanza kuchimba, na kadiri anavyochimba ndivyo Mae anavyozidi kuwa mtu asiyemjua.

Lisa Joy ndiye aliyeandika na kuongoza, na hii ndiyo filamu yake ndefu ya kwanza kuongoza. Kabla ya hapo alikuwa ameunda mfululizo wa Westworld pamoja na mumewe, Jonathan Nolan. Kwa hiyo hatumzungumzii mtu asiyeijua kazi. Ilipotoka Agosti 2021, siku hiyohiyo iliwekwa pia kwenye HBO Max, na mwisho wa wiki wa kwanza huko Marekani iliingiza kama dola milioni 2 tu, ingawa ilionyeshwa kwenye majumba zaidi ya 3,000. Sababu zilikuwepo: korona, na watu kuweza kuitazama wakiwa nyumbani kwao.

Hizo zinaeleza viti vitupu. Hazielezi kwa nini hata sisi tuliokaa mbele yake mpaka mwisho hatukushiba.

Kuna vitu nilivipenda kwa dhati. Mitaa iliyogeuka mifereji, watu wakishuka ngazi za ghorofa kuingia kwenye maboti. Watts na chupa yake, mwanamke mwenye huzuni ambayo filamu haihangaiki kuitangaza. Na mteja mmoja, mwanajeshi aliyepoteza miguu, ambaye kila akija analipia kitu kimoja: kucheza tena na mbwa wake. Mwanzoni, mara ya kwanza kuitazama, nililaumu maneno mengi. Nick anasimulia tangu sekunde za mwanzo, anaeleza wakati ni nini na kumbukumbu ni nini, na juu ya sauti yake kulikuwa na sauti ya mtafsiri wetu naye akieleza. Fumbo likifafanuliwa na wanaume wawili kwa pamoja, mtazamaji anaachiwa kazi gani?

Nikajua nimeupata ugonjwa. Nikaitazama bila mtafsiri, na ugonjwa ukabaki vilevile.

Maana Nick anaweza kusema kwa uhakika ule kwa sababu filamu imeshaamua, kabla hatujaketi, kwamba kumbukumbu ni kitu kilichokwisha kukamilika.

## Shahidi asiyekosea

Sheria ya ile mashine ni hii: kilichomo kichwani kinatoka kilivyoingia. Leo, kesho, mwakani, mbwa anakimbia kwa njia ileile. Hatari iliyopo ni moja tu, kwamba ukirudia kumbukumbu moja kupita kiasi, unaweza kunasa ndani yake usitoke. Yenyewe haibadiliki. Haichanganyi mtu huyu na yule. Haijazi pengo.

Sasa fikirieni hilo linaifanyia nini hadithi ya upelelezi. Uongo wote wa filamu hii unatoka vinywani. Mae anadanganya, polisi Boothe anadanganya, familia ya matajiri inadanganya. Lakini ukimlaza yeyote kati yao kwenye tangi, ukweli unasimama mbele yako wima, na sauti yake juu. Kwa hiyo kila fundo linafunguliwa kwa njia moja: tafuta mtu mwingine, mlaze, tazama. Nick anapigwa, anakimbizwa, anakaribia kuzama, lakini kichwani hana kazi ngumu hata moja. Hajawahi kulazimika kuamua amwamini nani.

Mama na mama mdogo wangemfilisi.

Mwaka 1974, Elizabeth Loftus na John Palmer huko Marekani waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi za ajali za magari, kisha wakawauliza yalikuwa yanakwenda kasi gani. Tofauti ilikuwa kwenye kitenzi tu. Walioulizwa magari "yalipopondana" walikisia kwa wastani karibu maili 41 kwa saa. Walioulizwa "yalipogusana" walikisia karibu maili 32. Ajali ni zilezile. Kwenye jaribio la pili waliwaita watu wiki moja baadaye na kuwauliza: mliona vioo vilivyovunjika? Havikuwepo. Lakini kati ya 50 walioulizwa kwa kitenzi kizito, 16 walisema wameviona. Kati ya 50 wengine walioulizwa kwa kitenzi cha kawaida cha kugongana, ni 7.

Nilipofika hapo nikarudisha filamu nyuma nikaitazama upya kazi ya Nick.

Yeye hamwachi mteja peke yake kwenye tangi. Anaongea naye muda wote. Anamwambia yuko wapi, anamwelekeza kwenye mlango, kwenye sauti, kwenye mtu anayekuja. Sauti laini, ya mtu anayejua anakotaka ufike. Na si wapenzi walioachwa tu wanaokuja kwake, hata waendesha mashtaka wanamtumia kuwahoji watuhumiwa. Kwa hiyo kuna watu kwenye hadithi hii wanafungwa kwa picha zilizotoka kichwani huku Nick akiwanong'oneza. Nani aliyeingiza vioo mle ndani?

Hakuna anayeuliza. Dakika 116 za filamu ya kumbukumbu, na hakuna mhusika hata mmoja anayesimama na kusema: haikuwa hivyo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mume wa Lisa Joy ndiye aliyeandika hadithi fupi iliyozaa Memento, filamu ya mwaka 2000 ya mwanamume asiyeweza kuhifadhi kumbukumbu mpya, anayejiandikia maneno mwilini, na maneno hayo ya mkono wake mwenyewe yakampoteza. Maarifa haya yalikuwa ndani ya nyumba yao.

## "Najiona"

Kuna jambo jingine kuhusu mashine, na hili nililigundua kwa sababu ya simu.

Mkiangalia vizuri, mteja akishalala, tunachokiona chumbani ni yeye mwenyewe. Mwanajeshi anaonekana mzima, miguu yake, uso wake, mbwa wake. Nick anajiona na Mae kana kwamba kulikuwa na mtu wa tatu amesimama pembeni. Filamu inalichukulia hilo kuwa urahisi wa kupiga picha. Lakini sisi hatukuishi siku zetu tukijitazama kutoka pembeni.

Nikampigia mama, yuko Ujiji. Baada ya shikamoo na habari za mguu wake unaomsumbua, nikamuuliza: ukikumbuka siku ile ya babu, unaona nini hasa?

"Naiona meli. Namwona baba."

"Na wewe uko wapi?"

Akafikiri. "Najiona. Niko mdogo, nimevaa gauni la maua, nimemshika mama mkono. Tumesimama, tumewapa mgongo."

"Mmempa nani mgongo?"

"Sijui. Ndivyo ninavyotuona."

Anajiona kwa nyuma. Georgia Nigro na Ulric Neisser waliandika juu ya jambo hili mwaka 1983: kuna kumbukumbu tunazoziona kwa macho yetu wenyewe na kuna tunazozitazama kutoka nje, na zile za zamani zaidi mara nyingi ndizo tunazoziona kutoka nje. Hakuna mtoto aliyeuona mgongo wake mwenyewe bandarini. Picha ile imeshonwa baadaye, kwa vipande vya kweli na uzi wa aina nyingine.

Mama mdogo, yeye, msumari anauona kutoka chini. Juu yake kabisa, kwa macho ya mtoto aliyesimama karibu na ukuta.

Kwa muda nilivutwa sana kusema: basi, kesi imekwisha, mdogo ndiye mwenye haki. Nililala nalo, nikaamka nalo. Kisha nikaanza kuliona pengo. Msumari unaoonekana kutoka chini unathibitisha kwamba kulikuwa na mtoto mfupi na msumari. Hauthibitishi asubuhi ipi. Angeweza kuutazama siku yoyote, na kofia juu yake, babu akiwa nje anapiga mswaki. Tena Liemba kwa desturi iling'oa nanga alasiri, si alfajiri. Inawezekana babu aliaga nyumbani mapema, watoto wamelala, na alasiri bibi akamchukua yule mkubwa peke yake kwenda bandarini. Hapo wote wawili wanakaa sawasawa kwenye siku moja.

Ila kofia haikubali. Haiwezi kuwa ukutani na ikapungwa ziwani.

Na hapo ndipo filamu niliyoitaka ingeanzia. Waleteni wote wawili ofisini kwa Nick. Walazeni kwenye matangi mawili. Mashine itatoa bandari yenye kofia na ukuta wenye kofia, zote mbili angavu, zote mbili na sauti. Sasa Nick afanye nini?

## Ujiji kuna nyingine

Sisi tunaoishi huku tuna mfano mkubwa zaidi wa jambo hili, na watalii wanaupiga picha kila mwaka. Pale penye miembe, Ujiji, Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871. Watu wawili wenye kalamu mkononi, wenye mazoea ya kuandika kila kinachotokea. Stanley ameweka tukio hilo tarehe 10 Novemba. Kwenye daftari la kila siku la Livingstone liko mwishoni mwa Oktoba. Mzee alikuwa ameugua, ametembea mno, na hesabu ya siku ilikuwa imemponyoka.

Tarehe ni jambo dogo. Kuna zito zaidi. Miezi michache kabla ya kurudi Ujiji, tarehe 15 Julai 1871, Livingstone alishuhudia mauaji ya watu sokoni Nyangwe, kule kwenye mto Lualaba. Alikuwa ameishiwa karatasi na wino, akawa anaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino alioutengeneza kutokana na mimea. Maandishi yale yalififia yakawa hayasomeki. Yalikuja kusomwa tena baada ya kupigwa picha kwa mwanga wa aina mbalimbali, matokeo yakatangazwa mwaka 2011. Na walipoyalinganisha na yale aliyoyanakili baadaye kwenye daftari lake, waliona tofauti, hasa kuhusu mwenendo wa watu aliokuwa nao mwenyewe.

Mkono ni mmoja, tukio ni moja, na kati ya karatasi ya kwanza na ya pili kuna mtu anayejaribu kuishi na alichokiona.

Mlaze Livingstone kwenye lile tangi. Itatoka karatasi ipi? Halafu mlaze Susi, mtumishi wake, aliyemkimbilia Stanley siku ile ya Ujiji na kumsalimu. Yeye hatuna daftari lake. Ningelipa pesa nzuri kuiona Ujiji ya Susi.

## Maji

Nilitegemea mji uliozama ungenigusa kuliko chochote, kwa sababu ya tunakoishi. Ziwa letu, Tanganyika, lina tundu moja tu la kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo. Liliwahi kuziba, maji yakajaa, kisha mwaka 1878 hivi likafunguka, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kama mita 10. Ufuko wa Ujiji aliouona Stanley sio huu wa leo. Na miaka ya karibuni maji yamepanda tena, tumeona wenyewe Kibirizi, nyumba zikisimama majini mpaka madirishani na watu wakihamisha biashara zao mwaloni.

Mkipita pale na wenyeji, sikilizeni wanachofanya. Wanabishana. Kibanda cha mama fulani kilikuwa hapa. Hapana, kilikuwa kule, hapa palikuwa na mti. Mti upi? Ule uliokatwa? Mahali pakishakwenda na maji, panabaki midomoni mwa watu, na kila mdomo una ramani yake.

Miami ya filamu imezama yote, na sikumsikia mtu mmoja akibishana na jirani yake nyumba yao ilikuwa wapi. Kila mtu anaingia kwa Nick peke yake, analipa, analala, anatoka na machozi yake. Wazo kwamba watu wa mji uliozama watakuwa walevi wa jana yao ni wazo zuri, naliamini kabisa. Mama nilipomuuliza kama angelala kwenye tangi hilo, hakusita: "Hata leo, mwanangu. Waseme tu ni shilingi ngapi." Lakini filamu imewaza kwamba kukumbuka ni kazi ya mtu mmoja ndani ya maji, na huku kwetu sijawahi kuona ikifanyika hivyo.

## Pale ambapo karibu wanishinde

Kuna sehemu moja iliyonifanya nisite kuandika haya yote.

Karibu na mwisho Nick anamkamata Boothe, yule polisi aliyeoza, anamlaza kwenye mashine kwa nguvu, na anazitazama saa za mwisho za Mae kupitia macho ya mwanamume aliyekuwa anamtesa. Na Mae, ndani ya kumbukumbu ile, anajua. Anajua Nick ni nani, anajua siku moja atafika hapa na kuangalia. Kwa hiyo anamtazama Boothe usoni na kuanza kusema maneno ambayo hayamhusu Boothe hata kidogo. Nick anasogea mpaka anasimama mbele yake, pale pale macho yake yanapoangukia, na mwanamke aliyekwisha kufa anamwambia anampenda kwa kupitia kichwa cha adui.

Mtafsiri wetu, aliyekuwa hajanyamaza tangu mwanzo, alinyamaza. Mama mdogo akasema polepole, "Anaongea na yule mwingine." Alielewa bila kuambiwa.

Hii ni sinema. Na inanibana, kwa sababu haiwezekani bila ile sheria ninayoilaumu. Kama kumbukumbu ya Boothe ingekuwa imepinda, ujumbe wa Mae usingefika. Labda basi Lisa Joy aliichagua mashine isiyokosea kwa makusudi, ili dakika hizi chache ziwezekane, na gharama yake akaikubali.

Nimelibeba hilo kwa siku nyingi. Mwisho nimebaki na hili: tukio lile lingekuwa zito zaidi kama Boothe angeweza kukosea. Mtu katili, aliyejaa dawa na hasira, anakumbuka nusu ya sentensi, sura ya Mae inayumba, neno moja halisikiki. Na Nick, mbele ya picha hiyo mbovu, analazimika kuamua mwenyewe kama alipendwa. Kama ilivyo sasa, anapewa risiti.

## Tangi la Nick na maisha ya Watts

Baada ya hapo Nick anamnasa Boothe ndani ya kumbukumbu yake mbaya kuliko zote, asitoke tena. Halafu yeye mwenyewe anaingia kwenye tangi kuishi na Mae mpaka uzee. Mwanzoni mwa mapenzi yao alimsimulia hadithi ya kale ya Wagiriki ya Orpheus, aliyemfuata mkewe kuzimu, akaikata katikati, kabla haijawa ya kusikitisha, na sasa anayakata maisha yake vivyo hivyo. Adhabu ya mmoja na zawadi ya mwingine zinatoka kwenye mashine moja. Wazo hili lingeweza kuibeba filamu nzima.

Lakini Mae wa kwenye tangi hazeeki, hakosei, hasemi neno jipya. Wimbo ni uleule. Mwaka 2000 Karim Nader na wenzake kule New York walionyesha, kwa panya waliofundishwa kuogopa mlio fulani, kwamba kumbukumbu ikiamshwa inalainika tena na inaweza kubadilishwa kabla haijakaa upya. Fikirini miaka yote ile ya Nick kwa kipimo hicho. Kila usiku anamwamsha Mae, na kila usiku kuna kidogo cha Nick kinachoingia. Tungemkuta mzee majini na mwanamke ambaye taratibu ameanza kuongea kwa sauti ya Nick, kucheka kwa wakati anaoutaka Nick, na hana tena siri hata moja. Mae tuliyempenda alikuwa ni siri zake.

Filamu ilikuwa nayo mkononi ikaiacha ipite.

Watts ndiye aliyebaki nje. Aliacha pombe, akaenda kumtafuta binti yake ambaye hawakuwa wameonana kwa miaka. Tunawaona kidogo tu, Watts akiwa ameshakuwa mzee, kisha kamera inarudi kwa Nick. Mimi ningebaki na hao wawili. Binti amekua na toleo lake la miaka ile ambayo mama yake hakuwepo, lazima analo, na Watts ana lake, na hakuna mashine pale nyumbani. Usiku wa kwanza walikaa wakaongea nini? Nani alianza, na mwenzake alimkatiza kwenye neno gani?